Injera za Mama Mkwe

Meklit shoga yangu, uko wapi? Nimejifungia chooni kwa mama mkwe, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unajua kazini wamenituma niwaulize akina mama kwa nini hawataki injera zetu za kuletewa nyumbani? Nikaona nianze na huyu, maana ndiye mwenye maneno.

Basi anamimina kahawa, jirani yake Mama Zewditu yuko pembeni. Namuuliza, ananitazama juu mpaka chini. "Injera ya kununua? Mimi? Hiyo ni ya wanawake wavivu! Unga wangu nauchachusha mwenyewe siku tatu, na mikate naipika mwenyewe." Mama Zewditu naye, "Mwambie, mwenzangu!"

Hajafunga mdomo, geti likagongwa. Tamrat! Dereva wetu Tamrat, na mfuko wenye jina la kampuni kwa herufi kubwaaa. "Mama, zile zako thelathini za kila Jumatano!"

Za kila Jumatano, Meklit. KILA JUMATANO. Na mimi miaka minne nasifia mapishi yake.

Mama mkwe akanivuta jikoni kama kashika mwizi. "Mwanangu, waambie mabosi wako watoe hayo maandishi kwenye mfuko. Wangeyatoa zamani, mtaa mzima ungenunua."

Nikajikaza nisicheke, nikamsomea swali la mwisho la fomu: je, unaweza kumshauri jirani yako ajaribu huduma yetu?

Akachungulia sebuleni, akaninong'oneza, "Jirani gani tena? Mama Zewditu ndiye aliyenipa namba yenu."