Hongera kwa Kaka Yako

Leer, 16 Machi

Kaka yangu Reemt,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo Gesche, na binti yako Imke pia, kama bado yupo nyumbani na hajaolewa bila mimi kuambiwa. Natumaini mgongo wako umetulia na ng'ombe wamevuka baridi salama. Sisi huku ni wazima. Shemeji yako Habbo amepata miwani mipya na sasa anayaona makosa yangu yote, hata yale madogo. Ni miaka sita hujapokea neno kutoka kwangu, ukiacha yale ya gazetini, na hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa. Nakuomba usiitie barua hii motoni kabla hujafika mwisho. Nimeiandika kwa ajili ya huo mwisho.

Tangu miaka kumi na mmoja iliyopita, mimi na Habbo huvuka mpaka kwenda Uholanzi mara mbili kwa mwaka, Juni na Oktoba, kukaa siku mbili kwa Derk na Aaltje pale Termunten. Ni Derk yule yule, mtoto wa mnunuzi wa ndama aliyekuwa akija kwa Baba kila Alhamisi na kupatana bei kwa kupigana viganja. Ni safari fupi. Habbo husema tunabishana juu ya masanduku kwa muda mrefu kuliko tunavyoendesha gari. Nawapenda watu wale, lakini sitawasifu kwa uongo. Chai yao ni glasi ya maji ya moto yenye kijifuko kinachoelea kama panya aliyezama, na nimewaambia hivyo kila mwaka. Aaltje hunijibu kwamba glasi ni yake, mdomo ni wangu, na mlango haujafungwa. Biskuti ni moja. Unapewa moja, kopo linafunikwa, na Habbo hubaki akilitazama lile kopo kama mfiwa. Tena huwezi kwenda tu bila miadi. Aaltje hufungua shajara yake na kukuandika tarehe na saa, kama unakwenda kung'olewa jino. Nimemcheka sana kwa shajara hiyo, bila kujua ilikuwa ikifanya kazi gani.

Mwaka huu Aaltje ametimiza miaka sitini, akatutaka tuje Machi, tarehe nane. Nadhani unaelewa kwa nini nilikuwa na nongwa tangu asubuhi ya siku hiyo. Habbo alinitazama nikifunga viatu, akasema ningemuumiza mtu kabla ya keki. Nilimjibu kwamba keki yenyewe itakuwa nyembamba kiasi cha kutoudhi mtu.

Viti vilikuwa vimepangwa duara sebuleni, na kila aliyeingia alizunguka duara lote akitoa mkono. Unajua desturi yao: hawampongezi mwenye siku yake peke yake. Derk alipongezwa kwa mkewe, watoto kwa mama yao, na Habbo, ambaye hana udugu na mtu yeyote mle, akapongezwa kwa rafiki yake. Alipokea kama mtu aliyemzaa Aaltje mwenyewe. Mimi nilikuwa nikimweleza jirani mmoja kwamba hizo ni pongezi za bure, kwamba mtu hana sifa yoyote kwa sababu ndugu yake kazaliwa. Hapo ndipo Bouwina aliponifikia, yule bibi wa nyumba ya pili. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hongera kwa Aaltje, na hongera kwa kaka yako.

Nikamwambia amekosea mtu. Akauliza kama Reemt si kaka yangu, maana pua ni ile ile. Kisha, kwa sauti ya kiziwi inayosikika mpaka kwenye tuta la bahari, akataka kujua kwa nini hukuja mwaka huu, wakati kila Machi huwa unakaa pale karibu naye kama mwenye sherehe wa pili wa nyumba ile, na kumpa yeye Bouwina jibini yako yote kwa sababu ya tumbo lako.

Duara lote likanigeukia. Niliinuka, nikaenda chooni, mahali pekee penye mlango. Wao hutundika kalenda ya siku za kuzaliwa humo, mbele ya macho ya anayeketi, ili asiwepo wa kusema alisahau. Jina langu liko Septemba, na la Habbo liko Juni. Ukurasa wa Machi sikuwahi kuuona, kwa sababu Machi sikuwahi kualikwa. Tarehe nane yalikuwepo majina mawili: Aaltje, na chini yake Reemt.

Wageni walipoanza supu ya haradali niliwafuata Derk na Aaltje jikoni, na nikawaka. Unanijua. Niliwaita wanafiki, watu wa madirisha yasiyo na mapazia na makabati yaliyofungwa. Niliwauliza wana nyuso ngapi. Derk aliendelea kukata mkate. Akasema anao mmoja, na wenyewe si mzuri, na kwamba sikuwahi kumuuliza kama wewe huja. Nikasema rafiki haulizwi, husema mwenyewe. Akasema, "Foelke, kwako nani hupata nafasi ya kusema?" Habbo alikuwa mlangoni, akacheka, nikamwambia aende akapongezwe.

Ndipo Aaltje alipoweka bakuli chini. Alisema kwa miaka sita amenisikiliza nikikusema, na kwa miaka hiyo hiyo amekusikiliza wewe ukiwa hunisemi. Ni wewe uliyemwomba Machi ya mwaka huu anipe mimi, kwa kuwa sitini haiji mara mbili. Na kila mtu mezani pale anapoitaja ile makala yangu, wewe hujibu neno lile lile, kwamba Foelke hakujua, na angejua asingeandika. Derk akaongeza kwamba uliwahi kutoka nje ya baa hapo Termunten kwa sababu mtu aliniita mwongo mbele yako.

Aaltje akanishika bega akasema basi, yamekwisha. Kaka yako hana kinyongo, mpigie kesho, kosa la asiyejua ni jepesi.

Siku iliyofuata, njiani kurudi, Habbo alipiga mluzi tangu mpakani. Kwenye njia ya kuingia Bunde, kwako, alipunguza mwendo na kuwasha taa ya kukata kona bila kuniuliza. Nikamwambia aende mbele. Akaizima. Akasema duniani hakuna kilicho kigumu kuliko kichwa cha mke wake, na hakupiga mluzi tena. Alidhani ni kiburi. Nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu kiburi ni kitu ambacho nimekwisha zoea kushtakiwa nacho.

Reemt, nimekaa na jambo hili wiki nzima, na ningeweza kuuchukua msamaha wako kama ulivyo. Ungeniandalia chai, Gesche angelia kidogo, tungecheka. Lakini huo msamaha umempa mtu mwingine, yule Foelke asiyejua. Mimi nilijua.

Makala ilitoka Jumamosi. Niliandika kwamba umekata miti kumi na miwili ya Baba ili magari ya mitambo ya upepo yapite, na kwamba umeuza kivuli cha baba yako kwa kodi ya upepo. Baadaye uliniandikia kwamba miti ilikuwa imeoza kwa ndani na ingeangukia basi la shule, na sikukujibu, nawe ukaamini ni aibu ya mtu aliyepata habari kwa kuchelewa. Alhamisi kabla ya Jumamosi ile nilikuja shambani. Wewe ulikuwa mnadani. Nilipiga magoti kwenye kisiki cha tatu kutoka langoni, nikaingiza mkono, ukazama hadi kwenye kiwiko. Mle ndani mlikuwa laini kama mkate uliolowa. Ijumaa asubuhi mhariri alinipigia kuuliza kama nina hakika na habari ya miti, nikasema ninayo. Ile sentensi ya kivuli nilikuwa nimeiandika tayari. Ilikuwa nzuri, nami niliipenda kuliko nilivyokupenda wewe. Walipokuandikia matusi kwenye ukuta wa ghala, na Imke alipozomewa shuleni, na Gesche alipoacha kwaya, nilikuwa nimeosha mkono ule na kunyamaza.

Sina hoja ya kujitetea. Nimetafuta wiki nzima, na wewe unajua nina kipaji cha kuzipata.

Jumamosi ijayo gazeti litachapa maneno yangu juu ya kisiki kile, na juu ya simu ya mhariri. Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ungenikataza kwa wema wako. Aaltje amefungua shajara yake na kuiacha tarehe kumi na nne Juni bila jina. Anasema ataweka viti sita kwa ajili yetu sote, au vinne, mbali na cha Bouwina, kama utakavyomwambia wewe. Ukisema vinne, nitaelewa na sitaandika makala. Ukisema sita, nitakuja, nitakaa karibu na Bouwina na nitakuacha wewe uongee. Derk anasema ataalika kijiji kizima kije kushuhudia hilo.

Msalimie sana Gesche, nikijua kwamba kwake nina barua nyingine ya kuandika. Mwambie Imke shangazi yake anamdai adhabu yoyote atakayoichagua. Habbo anawasalimu nyote. Nimempa barua hii aisome, maana naye alikuwa hajui. Aliisoma mara mbili na kuvua miwani. Kisha akavuta bahasha na kuandika anwani yako yeye mwenyewe. Alisema kama ungeuona mwandiko wangu usingeifungua.

Mdogo wako,
Foelke