Msumari Mwekundu wa Stesheni

Jumanne, jioni

Na bado wanakunywa. Leo nimemkuta Ngalula stesheni, siku ya tisa, anangoja na Wakasai wenzake waliofukuzwa mjini treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ya babu zao ambayo hajawahi kuiona. Mama yake alikuwa akichota maji ya kijito.

Kijito hicho mimi na Ngalula tumekipima mwaka mzima kwa kazi ya kemia. Tunaacha msumari safi ndani ya chupa ya maji. Ukitoka mwekundu, kuna shaba ya mgodini. Pale hutoka mwekundu kila mara.

"Mama, maji haya ni mabaya," nikamwambia.

"Mutoto wangu, mazuri iko wapi? Ku bomba banatufukuza."

Ngalula akacheka. "Wacha tukunywe! Tukifika Kasai batatuuzisha bei ya shaba."

Mimi sikucheka. Nilimkimbilia mwalimu wetu wa kemia na daftari letu la vipimo, awaombe wakubwa wa stesheni wawaruhusu bombani. Alisoma, akanisifu, akasema kwanza nifute jina la Ngalula.

Nikafuta. Nilidhani ndipo atakwenda.

Akalifungia daftari kabatini. Eti litafaa siku ya wazazi.

Kesho kabla ya darasa nitawapelekea bidoni ya maji ya kwetu. Habari ya jina sijui nitamwambiaje Ngalula.