Marobota ya Mzee

Jumatatu, 12 Januari

Mwaka wa arobaini na sita tangu niteremke kutoka Newala. Shule zinafunguliwa, Kariakoo haipitiki. Kazi ile ile dukani kwa Mama Neema: napokea simu za wateja wa mikoani, napaza sauti ngazini, Zuhura ghalani juu anatoa marobota ya sweta za shule.

Leo nimekuta kiti changu cha plastiki kimeondolewa. Mahali pake pana kiti kipana, laini, kimefunikwa mkeka. Nani kanikumbuka? Sikuuliza. Heshima hupokewa kimya.

Mpwa wangu kapiga tena. Chumba changu Newala kimeezekwa. Anataka jibu: narudi au sirudi?

Jumatano, 14 Januari

Songea wanalalamika. Iringa pia. Za kijani zimefika, za bluu zimefika, za damu ya mzee hazijafika. Mama Neema anaiita "maruni". Nimemwambia rangi hiyo ilikuwa na jina kabla hajazaliwa.

Kiti kimepanda. Miguu haigusi sakafu. Naliangalia duka zima kama kadhi.

Alhamisi, 15 Januari

Mama Neema amesema ni wizi. Ufunguo wa ghala anao Zuhura, basi mwizi ni Zuhura. Jumamosi aondoke. Ana mama mgonjwa Buguruni, anamtegemea yeye tu. Nimemsikia akilia huko juu. Nimekasirika. Mwizi gani huchagua rangi?

Zamani nikiwa fundi kwenye karakana ya Gerezani, mashine ikisimama, hatukutafuta mtu wa kulaumu. Tuliuliza kwa nini. Jibu likija, nalo tunaliuliza kwa nini, mpaka tufike kwenye skrubu. Nimeomba siku moja.

"Kesho tu, mzee wangu. Keshokutwa simtaki hapa."

Ijumaa, 16 Januari

Kwa nini hazifiki? Hazipakiwi. Kwa nini hazipakiwi? Zuhura anaapa hajaagizwa. Nimewaka. Nimeagiza mwenyewe, kwa mdomo huu!

Nikapanda ghalani, nikamwomba Mama Neema aagize damu ya mzee kutoka chini kama mimi. Spika mpya ya jirani ilikuwa inanguruma kwamba kila kitu kwake ni jero, shilingi mia tano. Tulichosikia juu ni hiki:

"Marobota mawili, jero-jero-jero ya mzee!"

Zuhura akabeba mawili. Nikamfuata. Akashuka ngazi, akayatua juu ya kiti changu, akatandaza mkeka.

Siku zote hizi nimeikalia Songea. Na Iringa.

"Kwa nini hukuniuliza, mwanangu?"

"Babu, mali ya mzee naiulizaje? Nikajua unawanunulia wajukuu, nikawa nakuwekea jioni ukishaondoka."

Wajukuu wa marobota! Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka alimshika Zuhura mkono, akamwomba radhi. Haondoki.

Spika ilichangia. Skrubu yenyewe ni heshima. Yeye hakuuliza mzigo ni wa nini, mimi sikuuliza kiti kimetoka wapi.

Jumamosi, 17 Januari

Sheria mpya, nimeitunga mimi: anayeagizwa arudie alichosikia. Zuhura anarudia kila kitu. Kaniamkia, nimejibu "Marahaba", naye kutoka ngazini: "Marahaba!"

Mizigo imeondoka. Nimerudishiwa kiti cha plastiki. Mguu mmoja umelegea. Mchana Zuhura kaleta mto kutoka kwao. Safari hii nikauliza ni wa nani.

"Wako, babu."

"Wangu," nikarudia.

Jioni nimempigia mpwa. Chumba ampe mwingine. Sitarudi Newala.