Aliyelivuka Lango

Binti yangu,

Chakula kiko kwenye friji, rafu ya chini. Disketi usiziweke juu ya spika, sumaku yake itazifuta. Ile kompyuta ya zamani nimeiacha inawaka. ~~Usiiguse.~~ Iguse tu.

Asubuhi hii nimekukosea. Umeninunulia mtandaoni mchezo wa ujana wangu, ukahangaika wiki nzima kuuhamishia kwenye disketi ili hii kompyuta yangu kizee iweze kuusoma. Ukafunguka. Nami nikafia kwenye lango la kwanza, mara nne. Badala ya kucheka, nikasema umeuziwa feki, eti mchezo wenyewe haukuwa hivyo. Uliiweka kibodi sawa ukaenda kuoga.

Mchezo ni uleule, mwanangu, hadi mlio wa lile lango. Ila mimi sijawahi kulivuka. Miaka yote nimekutambia kwamba niliumaliza, kumbe aliyeumaliza ni shangazi yako. Yeye alikuwa anacheza, mimi nimekaa pembeni, kompyuta ikidai disketi nyingine namwekea. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, na niliipenda kweli.

Sina uso wa kusubiri utoke bafuni nikwambie haya, ndiyo maana naandika huku nimeshavaa viatu. ~~Shangazi usimwambie.~~ Shangazi nitampigia mwenyewe mchana.

Jioni cheza wewe. Mimi niwekee kile kigoda pembeni, karibu na disketi.

Baba yako