Ndege ya Baba na Ratili Zako

Ord, Nebraska
14 Aprili 2013

Mpendwa Kaka Leland,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hamjambo huko Alaska, wewe na Maxine? Goti lako limepoa? Mimi sijambo. Ule mrija niliowekewa moyoni unafanya kazi yake, nami nafanya yangu.

Kaa kitako kwanza. Nimeiona ndege ya Baba. Ile ile ya viti viwili ya mwaka 1946 aliyoiuza ulipokuwa vitani, inauzwa Kansas. Nilikwenda kuiona. Mkwaruzo ulioupiga kwa toroli bado upo mlangoni pa mizigo.

Nilitaka kuirusha mwenyewe. Cheti changu cha daktari nilikiacha kiishe muda, sikusubiri kupimwa nikataliwe, kwa hiyo leseni ya urubani wa michezo, ile ya ndege nyepesi isiyodai daktari mradi hujakataliwa, ingenitosha pamoja na leseni yangu ya gari. Sharti moja tu ndilo lililonitia wasiwasi: uzito wa juu ulioandikiwa ndege usizidi ratili 1,320, na usiwe umewahi kuzidi hata siku moja tangu itoke kiwandani. Ya Baba iliandikiwa 1,260. Nikajua mambo yamenyooka, nikaanza kufagia banda la kuiweka.

Fundi wangu Duane Sedlacek hakuridhika. Tulikaa mezani kwangu na vitabu vya kumbukumbu vya ndege, tukala kolachi, vile vikeki vya jamu, akafungua ukurasa mmoja mmoja. Kwenye Juni 1957 akanigeuzia kitabu.

Ulikuwa mwandiko wa Baba. Uzito umepandishwa hadi 1,400, fomu imepelekwa serikalini, na pembeni kwa penseli: "Kwa ajili ya Leland. Mizani ya kinu: 232."

Unakumbuka alivyokupandisha kwenye mizani ya kinu cha nafaka mbele ya watu? Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Marubani wengine wote wa wilaya hii walikuwa wakipakia mizigo kupita kiasi na kunyamaza. Baba peke yake ndiye aliyejaza fomu kwa sababu mtoto wake amenenepa.

Duane aliusogeza ukurasa ule karibu na kikombe chake.

"Dada Arlys, kahawa ikimwagikia hapa, nani atausoma tena?"

"Nakala ya serikali iko Oklahoma."

"Ya miaka hamsini na sita? Nani ataitafuta?"

"Duane, sogeza kikombe chako."

Akakisogeza. Kusema kweli nilikiangalia kikombe kile kwa muda mrefu kuliko inavyonipasa. Nilikuwa na hasira na Baba, na wewe, na pai za Mama. Kisha nikalia kidogo, Duane akajifanya anatafuta miwani.

Kuna ukurasa mwingine. Septemba 1958, uzito umerudishwa 1,260. Ni siku tatu baada ya wewe kupanda treni kwenda jeshi la majini. Hakuandika sababu. Kwa sheria kurudisha hakusaidii kitu. Ikishavuka mara moja, basi.

Nimeinunua hata hivyo. Iko bandani.

Mimi siwezi kuirusha, lakini wewe cheti chako cha daktari bado kinafanya kazi, Maxine aliniambia. Hujafika hapa tangu tumzike Baba, na sikulaumu, njia ni ndefu. Njoo Juni. Wewe ukae kushoto, mimi nitakaa kulia na kukukosoa.

Duane anasema kwa kuwa imeshaharibika kisheria, hakuna hasara kuipandisha tena hadi 1,400. Fomu ameshaijaza. Anataka kuandika pembeni kama Baba, kwa hiyo nitumie uzito wako. Wa kweli, maana kinu bado kipo na mizani yake.

Nisalimie Maxine, na binti yenu Corinne na watoto wake. Mungu awalinde na awape njia nyeupe hadi mlangoni kwangu.

Dada yako akupendaye na anayengoja namba,
Arlys