Mrija Niliouvunja Petta

Jumatatu, 3 Machi. Busia
Sare sita za shule bado hazijapindwa. Siwezi kukanyaga cherehani. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, chekundu, kinawaka moto. Hata shuka likikigusa napiga kelele. Mzee mzima!

Najua nani kanifanyia. Jumamosi nilikuwa kijijini Petta kwa Okoth, mdogo wangu, kumaliza ugomvi wetu wa mpaka wa shamba la baba. Chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, katikati, kila mtu na mrija wake. Mrija wangu hutunzwa kwake, juu darini. Yeye ndiye aliyeniletea. Yeye ndiye aliyekuwa akiongeza maji ya moto. Jumapili nikaamka na mguu huu. Ameupaka mrija kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda Petta nikichechemea. Nikamwambia Okoth mbele ya watu wote wa chunguni: umenitilia sumu. Nikauvunja mrija wangu nikamtupia miguuni. Mkewe Nyaketcho alilia. Nimerudi nyumbani nikijiona dume.

Ijumaa, 14 Machi
Kidole kimepona chenyewe. Bila shaka, mrija umevunjika.

Habari kutoka Petta: Okoth naye anachechemea. Watu wanasema sumu imemrudia mwenyewe, na hawamwaliki tena chunguni. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 21 Machi
Jana nilikula maini, nikashushia na bia mbili. Leo kidole kilekile kimevimba tena. Okoth hayupo, mrija haupo. Nimekwenda kliniki.

Daktari ni binti mdogo, hana haraka. Amepima damu. Ni jongo. Damu yangu ina asidi nyingi, figo hazimudu kuitoa, basi inaganda kwenye kiungo kama chembe za chumvi. Pombe huichochea. Maini pia, na dagaa. Amenipa dawa ya kutuliza uvimbe. Ya kupunguza asidi itafuata, kila siku, na nisiiache hata nikipona. Maji mengi. Malwa basi.

Kisha akauliza kama kwetu kuna mwingine, maana huweza kutembea katika ukoo. Baba alichechemea hadi anakufa. Na Okoth.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumapili, 23 Machi
Petta. Okoth alikuwa nje, mguu juu ya kigoda. Kidole kama changu. Nikamweleza yote, nikamsihi aende hospitali Tororo.

Akasema, “Nikienda na mguu hii, watasema ni ile sumu naenda kuficha. Ni wewe ulisema, kaka.”

Hakunipa kiti. Huyu nilimbeba mgongoni kwenda shule.

Jumamosi, 29 Machi
Nimekwenda kwenye chungu chao. Sikunywa. Nikavua kiatu mbele ya watu, nikawaonyesha kidole na cheti cha kliniki. Nikasema Okoth hakunifanyia kitu, ni ugonjwa wa baba, nimemsingizia. Wengine walicheka. Mzee mmoja akauliza, “Sasa unamwogopa?” Nililia, na sikujificha.

Okoth alikuwa ndani ya nyumba yake, hatua chache tu. Mlango ulikuwa wazi. Hakutoka.

Zamani ningeomba radhi kwa chungu. Tungekaa, tungevuta, yangekwisha. Sasa mimi siruhusiwi na yeye haimfai. Sijui ndugu hupatana kwa kitu gani kingine.

Jumatatu, 31 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Kidole kimetulia. Nimepinda sare mbili.

Saa nne Nyaketcho amepiga simu. Okoth amekwenda hospitali Tororo, amepanda boda mwenyewe, mchana kweupe, watu wakimwona. Nikamuuliza kama amesema neno lolote juu yangu.

Akasema hapana.

Nikamshukuru. Nimekunywa maji, nimerudi kwenye cherehani. Zimebaki nne.