Honi Tatu kwa Mzee wa Usukani

3 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inalalamika. Meli hii ya watalii ina ghorofa sita na lifti ni ya abiria tu, sisi wahudumu tunapanda ngazi na sinia mkononi. Masikio yako vipi? Najua injini zilishayala na hayatarudi, nauliza tu usije ukasema sikuuliza.

Najua bado una kinyongo na mimi. Miaka miwili tangu niondoke, na barua zako zote zinaanza na "Nimepata barua yako", kama za afisa wa ardhi. Basi nimekuandalia kitu cha kukulainisha. Jumamosi tarehe 21, saa kumi alasiri, meli itapita mbele ya nyumba yako. Karibu kabisa, kati ya ule mwamba na ufukwe, na nahodha atapiga honi tatu kwa ajili yako. Hazitakupita hizo, hata kwa masikio hayo.

Nahodha ni mgeni wa ziwa hili, katoka baharini. Nilimwambia baba yangu alishika usukani wa meli ya mizigo hapa miaka thelathini na moja. Akaniuliza, pale panapitika? Nikamwekea kijiko na kikopo cha chumvi mezani kama ulivyonifundisha: kijiko meli, chumvi mwamba, pima tano za maji katikati. Akatazama ramani yake, ikasema vilevile. Akacheka, akasema nimezaliwa baharia.

Vaa lile shati jeupe, ukae mlangoni.

Binti yako,
Chiriku


9 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimepata barua yako, na usicheke. Mimi sijambo, bega tu la kulia linanisumbua, siwezi kulinyanyua zaidi ya kifua. Wewe upake miguu mafuta ya moto ukitoka kazini.

Sasa nisikilize vizuri. Msipite pale. Mwambie nahodha leo, sasa hivi, ukiwa umeshika barua hii. Zile pima tano nilikufundisha ukiwa na miaka saba, na siku hizo maji yalifika ngazi ya tatu ya gati. Jana nimeshuka ngazi kumi na moja na bado nimekanyaga tope. Ziwa limekimbia, mwanangu. Ramani ya nahodha ni ya enzi zangu, na mimi ni mzee.

Boya lililokuwa juu ya mwamba lilikatika mwaka jana. Jirani kalikata katikati, anawekea maji ya mbuzi wake. Hakuna alama yoyote pale sasa.

Asikwambie ana mashine ya kupima kina. Mashine ile inapima maji yaliyo chini ya meli, mwamba ulio mbele haiuoni. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Baba yako


13 Juni

Baba,

Shikamoo tena. Hujambo? Sijapata neno lako, na leo ndio nimejua sababu. Kuna utaratibu mpya: barua zetu zinashushwa kila gati, lakini zinazotujia zinakaa kwenye mfuko bandari kuu mpaka tumalize mzunguko, tarehe 29. Kwa hiyo kama umenitukana, nitalisoma tusi lako likiwa limepoa.

Mambo yamekuwa makubwa. Nahodha kaweka honi zako kwenye ratiba ya abiria, kati ya chai na muziki: "Salamu kwa Mzee wa Usukani". Watu mia tatu watakuwa kwenye sitaha na kamera zao. Bibi mmoja wa chumba cha 214 ananiuliza kila asubuhi kama unapenda maua.

Sikusema vizuri siku ile nilipoondoka. Nikikuona mlangoni nitajua tumeelewana.

Wako,
Chiriku


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini umeamka salama. Barua hii utaisoma tarehe 29 pamoja na ile nyingine, najua, lakini nitafanya nini, mikono imezoea kukuandikia.

Nimekwenda ofisi ya wakala wa meli mara tatu. Karani amenielewa neno kwa neno, nikafurahi, halafu akaniambia meli kubwa ina wataalamu wake, nirudi nyumbani nikapumzike. Mara ya tatu kanipa soda. Nimemwomba awapigie simu, akasema hawezi kumfundisha nahodha kazi kwa maneno ya mstaafu.

Basi nimekwenda mwenyewe na mtumbwi na kamba yenye jiwe. Kati ya mwamba na ufukwe kuna pima mbili na kiganja. Meli yenu inataka tatu. Nimepima mara nne, nikitumaini nimekosea. Mko watu mia tatu na zaidi, na wewe humo ndani umebeba masinia.

Kesho nitasimama juu ya mwamba. Maji pale yananifika magotini. Nikikaa kwenye mtumbwi wataniona mvuvi, watanipigia honi niwapishe. Lakini mtu aliyesimama katikati ya ziwa, nahodha yeyote anajua kuna kitu chini ya miguu yake. Nitachukua lile blanketi jekundu. Mkono wa kushoto bado una nguvu.

Naogopa, Chiriku. Nilikuwa sijawahi kuogopa maji.

Kinyongo sina. Nilitaka tu ubaki na mimi nyumbani, nikashindwa kulisema hilo, nikasema meli si kazi ya mtoto wa kike. Nilikuwa mwongo. Wewe ulizaliwa baharia.

Ukiniona kesho, usinipungie mkono. Kimbia kwa nahodha.

Baba yako


22 Juni

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo. Umepumzika? Hukupata mafua?

Tumekuona! Nilikwambia ukae mlangoni, wewe unakuja kusimama juu ya maji na blanketi jekundu, mzee mzima. Sitaha nzima ilipiga makofi. Nikakupungia mkono, na wote wakakupungia, na kadiri ulivyozidi kupunga na sisi tukazidi. Honi zikapigwa mbili. Ya tatu haikupigwa. Nahodha alipiga kelele, meli ikakata kona kwa nguvu, glasi zangu zote chini. Mawimbi yaliyotoka ubavuni mwetu yalikuwa marefu kuliko mtu.

Nilikuwa nimeinama naokota vioo. Niliporudi ukingoni hukuwepo tena, nikasema umeshapanda mtumbwi wako. Bibi wa 214 alirusha maua yake, sijui kama yalikufikia.

Nahodha hajatoka chumbani tangu jana. Nikimpelekea chai ananitazama, kisha anageukia ukuta. Niandikie umefikaje nyumbani.

Chiriku wako


29 Juni

Baba,

Shikamoo.

Mfuko umefunguliwa leo. Barua zako mbili nimezisoma chumba cha kufulia, nimekaa juu ya mashuka ya watu. Nilikupungia mkono, Baba. Ulikuwa unaniambia nikimbie, na mimi nacheka.

Aliyeleta mfuko anasema mtumbwi umeokotwa ufukweni, mtupu. Nimemwambia mitumbwi hukatika kamba kila siku. Anasema na blanketi pia. Nimemwambia blanketi jekundu kila nyumba inalo.

Nimeacha kazi. Basi la kuja huko linaondoka Jumanne, barua hii itanitangulia kwa siku moja. Nitabaki nyumbani na wewe, sitaondoka tena. Nijibu mstari mmoja tu, uanze na "Nimepata barua yako". Sitacheka.

Binti yako

(Nyuma ya bahasha)

Karani, mkabidhi Baba mkononi. Ukikuta mlango umefungwa, ipitishe chini ya mlango. Tafadhali usiirudishe.